Tuzo za kimataifa za biashara: nani anahukumu, nani analipa?

Siku ya kazi tatu, habari za mchana zikiwa zimekwisha, mzee mmoja aliingia kwenye radio yetu na bahasha mkononi. Ni prezida wa kooperative moja ya kahawa, yenye wanamemba 214, kwenye vilima vya kando ya ziwa. Alikuwa amevaa koti, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Ndani ya bahasha kulikuwa barua ya kurasa mbili, Kifaransa safi, na alama ya rangi ya dhahabu juu. Ilisema kwamba kooperative yake "imechaguliwa" kupewa tuzo ya kimataifa ya ubora katika biashara, na kwamba sherehe itafanyika kwenye hoteli kubwa ya mji mmoja wa Ulaya.

Alitaka tutangaze habari hiyo jioni ile ile.

Nilisoma mpaka mwisho. Kwenye ukurasa wa pili, chini, kwa maandishi madogo kidogo kuliko mengine, barua iliomba euro 3.200 za "kushiriki". Ndani ya hizo kuna kikombe, diplome, picha na wakubwa, chakula cha jioni cha watu wawili, na ruhusa ya kutumia alama ya tuzo kwa mwaka mmoja. Ndege, hoteli na viza, kila mtu ajilipie.

Nilimuuliza: "Papa prezida, ninyi muliomba kushindana?"

"Hapana. Walituona tu. Labda ku intaneti."

"Walikuja kuona kituo chenu cha kuoshea kahawa? Walionja kahawa?"

Alinyamaza kidogo. "Hapana. Lakini barua iko na jina letu, na haina makosa."

Tufanye hesabu kidogo. Ukigawanya euro 3.200 kwa wanamemba 214, unapata karibu euro 15 kwa kila mmoja. Wenye kulima kahawa wanajua namna malipo yanavyokwenda. Mkulima analipwa mara ya kwanza siku anapoleta kahawa nyekundu kwenye kituo. Malipo ya pili yanakuja miezi kadhaa kisha, wakati kahawa imeshauzwa inje, kama bei ilikuwa nzuri na kama kooperative imeongozwa vizuri. Hayo malipo ya pili njo yanalipa masomo ya watoto. Na ile euro 3.200, kama ingelipwa, ingetoka hapo hapo, maana hakuna sanduku lingine. Juu ya hiyo kuna safari: viza ya Ulaya inaombwa Kinshasa, na kutoka kwetu kufika Kinshasa ni kupanda ndege. Kabla mtu hajaona hata taa za ile hoteli, kooperative imeshakula pesa ya msimu mzima.

Niseme pia kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilisoma kwenye mikrofoni tangazo la kampuni moja ya hapa kwetu iliyopata "tuzo ya dunia". Walilipa bei ya kawaida ya tangazo, mimi nikasoma kwa sauti ya furaha, hata nikaongeza pongezi za kwangu. Sikuuliza nani alitoa tuzo, nani aliihukumu, wala walishindana na nani. Watu walisikia kwa radio, na kitu kikisikiwa kwa radio kinakuwa kweli. Tangu siku hiyo mambo haya yananisumbua, njo maana barua ya papa prezida niliichukua kwa makini.

Si kila tuzo ni uongo. Kuna tuzo zenye kazi ya kweli ndani yake. Lakini hata zile za kweli hazihukumiwi namna watu wengi wanavyofikiri. Mtu akisikia "tuzo ya kimataifa", anawaza wazee wenye hekima wanaozunguka dunia, wanaingia kwenye viwanda, wanapima, wanauliza wafanyakazi, kisha wanakaa kwenye meza na kuchagua aliye bora. Mara nyingi haiko vile hata kidogo.

Tuchukue moja inayojulikana sana, International Business Awards, zinazoitwa pia Stevie. Kampuni inayozitoa ilianzishwa Marekani mwaka 2002. Jina Stevie linatoka kwa Stefano, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni mwenye kuvikwa taji. Sanamu yao ya dhahabu ilitengenezwa na kampuni ya Chicago, ile ile iliyotengeneza sanamu za Oscar za filamu kwa miaka mingi. Kila mwaka wanapokea maombi zaidi ya 3.000 kutoka nchi nyingi. Sherehe zimefanyika Roma, Barcelona, London, Vienna.

Kazi inakwenda hivi. Kampuni yenyewe njo inaomba. Inachagua kundi inalotaka kushindania: kampuni ya mwaka, mkubwa wa kampuni wa mwaka, bidhaa mpya, tangazo bora, huduma kwa wateja, na kadhalika. Makundi ni mengi sana. Inaandika maelezo ya kazi yake, inaweka ushahidi kama video au makala, inalipa pesa ya kuingia. Kisha juri, ambao ni wakubwa wa kampuni na watu wa kazi hiyo kutoka nchi mbalimbali, wanasoma dosiye kwenye kompyuta, kila mmoja mahali alipo, na kutoa alama. Alama zinakusanywa, wastani unapigwa, na wastani njo unaamua nani anapata dhahabu, nani feza, nani shaba. Katika kundi moja feza na shaba zinaweza kupewa kampuni nyingi.

Huo ni mtihani wa kweli, maana kuna watu wanasoma na kutoa alama, na mtu anaweza kukosa. Lakini tuangalie kitu gani kinapimwa. Juri hakuona kiwanda chako, hakuongea na mfanyakazi wako, hakuuliza mteja wako kama alirudishiwa pesa yake. Anasoma maandishi yaliyoletwa na wewe mwenyewe. Kama unaandika Kiingereza kizuri, kama unaweza kulipa mtu anayejua kutengeneza dosiye, uko mbele. Mama mwenye kiwanda kidogo cha sabuni pale Uvira, mwenye kazi safi kuliko wote lakini hajui kuiandika, hayupo kwenye mashindano hayo hata siku moja. Kwa hiyo tuzo ya namna hii inasema: kati ya wale waliolipa na kuandika, huyu aliandika mambo mazuri. Hiyo ni kitu, lakini si sawa na kusema ni bora duniani.

Tena, anayeandaa anaishi kwa nini? Kwa pesa ya kuingia, kwa tiketi za sherehe, kwa vikombe vya ziada ambavyo mshindi ananunua ili kila biro iwe na chake. Hakuna siri hapo, bei zimeandikwa wazi. Lakini mtu mwenye biashara ya namna hiyo hana sababu ya kupunguza makundi. Makundi yakiongezeka, waombaji wanaongezeka, na wenye kurudi nyumbani na furaha wanaongezeka pia.

Zingine zinakwenda mbali kidogo. Ile ya kampuni ya EY, Entrepreneur Of The Year, ilianzia Marekani mwaka 1986, na leo washindi wa nchi mbalimbali wanakutana Monaco kutafuta mmoja wa dunia. Pale juri ni watu wa inje ya EY, na wanakaa na mtu, wanamuuliza maswali uso kwa uso. Ni tofauti kubwa na kusoma karatasi. Lakini EY ni kampuni ya kukagua hesabu na kutoa mashauri, na wateja wake ni hao hao wakubwa wa biashara. Hakuna anayetoa tuzo bure kabisa. Kila mmoja ana kitu anachotafuta, hata kama ni jina tu.

Sasa turudi kwenye barua ya mzee. Yake si ya namna ya kwanza wala ya pili. Hapo mashindano hayapo. Kwenye mashindano ya kweli unaomba, unalipa kidogo au hulipi, kisha unangoja na moyo unapiga, maana unaweza kukosa. Kwenye barua hii mambo yamegeuka: umeshashinda kabla ya kuomba, na pesa inakuja nyuma. Usipolipa, "ushindi" unakufa. Ni kama mtu wa soko akufunge nguo kwenye mfuko, akupongeze umependeza, kisha aseme bei. Watu wa Ulaya na Marekani wana jina lake, wanaita tuzo za majivuno, na waandishi wa uchunguzi wa nchi nyingi wameshaandika juu yake. Zinapenda kwenda kwa mahospitali, mabenki madogo, vyuo, viongozi wa miji, na kampuni za nchi ambazo hazitajwi mara nyingi. Yaani sisi.

Na kwa nini sisi? Nimefikiri sana juu ya hiyo. Mkaaji wa huku anaamka na habari za vita, anasinzia na habari za vita. Jina la mkoa wake likitajwa inje ni juu ya wakimbizi, ao risasi, ao madini. Halafu siku moja barua inakuja na kusema: ninyi ni bora. Nani hatavaa koti? Hao wanaoandika barua hizi wanajua kitu tunachokosa, na si pesa tu.

Kuna alama moja ninayoipenda kwa kutambua tuzo ya kweli: je, imeshawahi kukosa mshindi? Mfano mzuri si wa biashara hasa, lakini aliyeuanzisha ni mtu wa biashara ambaye sisi Wakongomani tulimjua bila kujua jina lake. Mo Ibrahim njo alianzisha Celtel, ile ya simu, ambayo kisha ikawa Zain na leo ni Airtel. Aliuza kampuni mwaka 2005, akaweka tuzo ya viongozi wa Afrika walioachia madaraka kwa heshima: dola milioni 5, zinazolipwa kwa miaka 10. Joaquim Chissano wa Musumbiji aliipata mwaka 2007, Festus Mogae wa Botswana 2008. Mwaka 2009, hakuna. 2010, hakuna. Tena 2012, 2013, 2015 na 2016, hakuna. Watu walicheka, wengine walikasirika, wakasema ni kudharau Afrika. Mimi naona kinyume. Juri anayeweza kusema "mwaka huu hakuna aliyefaa" ni juri anayehukumu. Tuzo ambayo kila mwaka inapata washindi 80 wa kujaza ukumbi wa hoteli haihukumu kitu.

Hata hivyo tusifikiri kwamba jina kubwa na pesa nyingi vinalinda kila kitu. Benki ya Dunia ilikuwa inatoa ripoti inayoitwa Doing Business, ya kupanga nchi namna zinavyorahisisha biashara. Haikuwa tuzo, lakini serkali ziliitumia kama kikombe. Katika ripoti ya 2015, jina la Kongo yetu lilikuwa kati ya nchi 10 zilizofanya marekebisho mengi zaidi, ingawa kwenye orodha nzima tulibaki karibu na mkia. Kisha, mwezi wa tisa mwaka 2021, Benki ya Dunia yenyewe ilifunga ripoti hiyo. Ilikuwa imegunduliwa kwamba hesabu za nchi kadhaa ziliguswa: China katika ripoti ya 2018, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan katika ile ya 2020. China ilipaswa kushuka mpaka nafasi ya 85. Ikabaki kwenye 78. Kongo haikutajwa kwenye makosa hayo, tuseme kweli. Lakini angalia tatizo lilitoka wapi. Aliyepimwa alikuwa na nguvu juu ya aliyepima. China ni mwenye hisa mkubwa kwenye benki ile, na wakati ule benki ilikuwa inatafuta wanachama wake waongeze mtaji.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kuangalia kikombe kinang'aa namna gani, ni hili: juri anajua anahukumu nani, na anaweza kupata faida ao hasara kwake?

Hapo njo wakulima wa kahawa wana jambo la kufundisha wakubwa wa kampuni. Kuna mashindano yanayoitwa Cup of Excellence, yalianza Brazil mwaka 1999. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuyapokea, mwaka 2008, na Burundi ikafuata 2012. Huku Kivu tumekuwa na Saveur du Kivu, ambayo nayo inasimama juu ya kuonja. Kahawa inakuja kwenye meza bila jina. Imepewa namba tu. Anayeonja hajui kama ni ya kooperative ya watu 2.000 ao ya mama mmoja mwenye miti 300, hajui kama mwenyewe ameketi kwenye kiti cha mbele na kofia ya ukubwa.

Nimeshaona wanavyofanya. Vikombe vitano vya kahawa ile ile vinapangwa kwenye mstari. Wananusa unga kwanza, kisha maji ya moto, kisha wanavunja lile povu gumu la juu kwa kijiko, wananusa tena. Halafu wanavuta kahawa kwa kijiko na kelele ambayo nyumbani mtoto angepigwa juu yake, wanatema, wanaandika. Alama ni juu ya 100, na kahawa isiyofika 80 haihesabiwi kati ya kahawa za pekee. Kwa nini vikombe vitano na si kimoja? Wenye kulima hapa wanajua jibu. Kuna kadudu kanaitwa antestia kanakotoboa tunda la kahawa, na ndani ya kikombe kunatoka harufu ya kiazi kibichi. Kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi zote zinaumwa na ugonjwa huo. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kimoja, wakati vingine vinne ni vitamu. Kama wangeonja kimoja tu, ingekuwa bahati nasibu. Vitano vinasema kama uliosha na kuchagua vizuri ao ulifunga macho.

Kwenye Cup of Excellence kahawa zinapita kwanza kwa juri wa nchi, kisha kwa juri wa kimataifa, na zile za juu zinaonjwa tena na tena. Mwishoni zinauzwa kwa mnada kwenye intaneti, na sehemu kubwa ya pesa inarudi kwa mkulima. Mnada huo njo kitu ninachopenda zaidi. Mtu aliyesema "kahawa hii ni bora" kuna mwenzake anayeweka pesa yake mezani kuinunua. Makuta yanatoka kwa mnunuzi yanakwenda kwa mkulima. Kwenye barua ya koti la papa prezida, makuta yalikuwa yanatoka kwa mkulima yanakwenda kwa mwandishi wa barua.

Sisemi kuonja hakuna upungufu. Mkulima mdogo asiye na kituo karibu hafikishi mfano wake. Kuna ladha ambazo wanunuzi wa Japani ao Ulaya wanapenda, na juri anafuata soko. Na kahawa kidogo iliyochaguliwa punje kwa punje kwa ajili ya mashindano si kahawa yote iliyo kwenye depo. Lakini namba badala ya jina ni kitu ambacho kampuni za tuzo zingeweza kuiga kesho asubuhi kama zingependa.

Tuliongea na papa prezida karibu saa nzima. Nilimwambia radio haitatangaza habari ile kama ushindi, na kwamba akitaka kulipa, wanamemba wenyewe waamue kwenye mkutano wao mkuu, barua ikisomwa yote, hata maandishi madogo. Hakupenda. Alisema: "Wewe unataka tu sisi wa vilima tubaki bila jina." Neno hilo liliniuma, maana ndani yake kuna ukweli fulani. Nilimpa mashauri ya kuwaandikia wale watu maswali matatu: kahawa yetu muliionja wapi, juri ni akina nani kwa majina, na tukikataa kulipa, tuzo itabaki yetu?

Kisha wiki mbili akarudi, bila koti. Jibu lilikuwa limekuja kwa imeli. Swali la kwanza na la pili hayakuguswa hata kidogo. Juu ya la tatu, waliandika kwamba wanaelewa magumu ya nchi yetu, na kwa heshima ya kazi ya kooperative bei inashuka mpaka euro 1.900, kama pesa itatumwa kabla ya siku ya kazi tano.

Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka kidogo kuliko mimi.

Halafu akatoa karatasi nyingine mfukoni, ya daftari la shule, iliyoandikwa kwa kalamu. Alitaka tangazo, kwa bei ya kawaida. Nililisoma jioni ile: wanamemba wote 214 wanaombwa kufika kwenye kituo cha kuoshea kahawa siku ya posho, saa mbili asubuhi, kila mmoja na fishi yake ya kupima kahawa, juu ya malipo ya pili.